Usikiache kile kitabu njiani

Mama Zuwena,

Salamu nyingi kutoka Tabora. Huku hatujambo, ila joto limezidi. Dagaa tumewapata wote, ahsante sana. Yule kijana ni mwaminifu.

Sasa hili la kitabu cha Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa wa karne ya kumi na tisa. Umeniandikia kwamba umemwacha njiani kwa sababu maisha yake ni "daftari la duka". Limeniuma, maana umeona sawasawa halafu ukafunga kitabu! Ni daftari kweli. Kaandika mwenyewe, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Pembe za ndovu anazihesabu kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Anamtaja Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar aliyemkopesha, anaeleza vita na Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na baba yake aliyeoa kwa mtemi Fundikira hapa kwetu. Lakini wapagazi? Mtu na mzigo wa frasila mbili, miezi kwa miezi mpaka pwani, jina hana.

Nadhani kilichokukwamisha ni kuanzia huko. Majina ya watemi na vituo yanakumwagikia kabla hujapata wa kumshika mkono. Anza na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Soma mpaka msafara wa yule tajiri Aziz unapoondoka kwenda bara, ufunge. Zile kurasa za bustani yake usiziruke, hata zikikuchosha. Ndipo umrudie Tippu Tip, lile toleo la Whiteley lenye tafsiri ya Kiingereza, na karatasi pembeni: kushoto andika mali, kulia andika aliyeibeba. Kulia patabaki peupe. Soma polepole hasa anapokwenda mbio, tukaenda, tukafika, tukapigana, kwa sababu katika hizo -ka- ndimo watu wanamopotelea.

Halafu rudi Peponi kwa Yusuf, mtoto wa miaka 12, aliyewekwa kwa Aziz rehani ya deni la baba yake. Anamwita mjomba, kumbe Aziz hata si ndugu yake. Khalil, kijana mwenzake wa kazi, ndiye anayemfumbua macho pale kwenye duka la Aziz. Ule upande uliobaki peupe, Gurnah kaujaza kwa mtoto mmoja mwenye jina. Mwisho wake sikuambii, tutagombana ukimaliza.

Maisha Yangu ya Shaaban Robert nayo... hiyo inataka barua yake.

Hivi hapo Ujiji, wazee wa Kimanyema bado wanawataja babu zao waliokuja na misafara? Neno frasila wanalijua? Peponi unayo au nikutumie yangu kwa treni? Na shemeji anaendeleaje na mguu?

Wako,
Mama Hadija