Malalamiko kuhusu kadi ya benki: taarifa mnazo, mteja hapewi

Kwa: Mkurugenzi, Kitengo cha Kadi
Nakala: Mkuu wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAKATO YASIYOELEZWA, PESA ZINAZOZUILIWA NA MIAMALA INAYOKATALIWA BILA SABABU

Tunaandika sisi wateja wenye akaunti za kawaida katika benki yenu, tunaotumia kadi kulipia madukani, mtandaoni na tukiwa nje ya nchi. Miongoni mwetu wamo ambao mashine za kadi ndiyo kazi yao ya kila siku, kwa hiyo tunajua ni nini kinachofika kwenye mitambo yenu kila kadi inapotumika. Lalamiko letu kubwa si ada. Ada ikitajwa wazi, mtu ataamua mwenyewe kulipa au kuacha. Lalamiko ni kwamba kiwango, sababu na tarehe vyote mnavyo, halafu mteja anapewa mstari mmoja wenye jina la duka lililokatika katikati na kiasi kilichotoka.

Mteja anaponunua kitu cha euro 100 kwa kadi ya akaunti isiyo ya euro wala ya dola, pesa hiyo kwenu hubadilishwa mara mbili. Mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, hugeuza euro kuwa dola, kwa sababu mnalipana nao kwa dola. Kisha ninyi mnageuza dola kuwa fedha ya akaunti kwa bei yenu ya kuuzia. Hatua ya kwanza mtu yeyote anaweza kuihakiki, maana Visa na Mastercard huweka viwango vyao kwenye tovuti zao, pamoja na kikokotoo cha kuingiza tarehe, aina ya fedha na asilimia ya ada ya benki. Hatua ya pili iko gizani. Kiwango kinachobandikwa tawini ni cha noti, sicho mnachotumia kwenye kadi, na hicho cha kadi hakijaandikwa popote.

Tuchukue mfano wa hesabu tu: ada ya muamala wa nje iwe asilimia 3, na bei yenu ya kuuzia dola iwe asilimia 2.5 juu ya bei ya katikati ya soko, yaani katikati ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Euro 100 zinazidishwa kwa 1.03, kisha kwa 1.025, na mteja ametoa thamani ya karibu euro 105.60. Kwenye taarifa ya akaunti anaona namba moja. Ada imo humo humo? Kiwango ni cha siku aliyonunua au cha siku muamala ulipotua kwenye akaunti? Hizo siku mbili zinaweza kupishana, na wikiendi ikiingia katikati hupishana zaidi.

Marejesho ndiyo yanayouma. Kwa viwango hivyo hivyo, mteja anunue kitu cha euro 100, akirudishe siku ileile, na duka limrejeshee euro zote 100. Mlimuuzia dola kwa asilimia 2.5 juu, sasa mnazinunua kwake kwa asilimia 2.5 chini, na ile ada ya asilimia 3 hairudi. Thamani ya karibu euro 8 imeyeyuka na hana hata kitu mkononi. Akiuliza anajibiwa awasiliane na duka. Duka limesharudisha kila senti, na risiti ipo.

Tunataka kila mstari wa muamala wa nje uonyeshe kiasi katika fedha ya duka pamoja na herufi tatu za fedha hiyo, kiasi cha dola, kiwango mlichotumia, ada ikiwa kando, na tarehe zote mbili. Kumbukumbu mnayoletewa na mtandao wa kadi inavyo karibu vyote. Cha kuongeza ni kiwango chenu na ada yenu. Kwa marejesho ya muamala uleule, tumieni kiwango kilekile cha mwanzo, au angalau rudisheni ada.

Kisha lipo suala la kipeperushi chenu cha wasafiri, kinachomshauri mteja achague fedha ya nyumbani mashine inapomuuliza alipe kwa fedha gani, ili ajue kabisa analipa kiasi gani. Ushauri huo ufutwe. Mashine inapouliza hivyo, anayebadilisha fedha ni kampuni ya upande wa duka au ya mwenye ATM, kwa kiwango chake, na faida yake imeshajazwa ndani. Kiasi ni kweli utakijua, ila ni kikubwa. Juu yake ninyi bado mnatoza ada ya muamala wa nje kwa kuwa duka liko nje, hata kama fedha iliyokuja ni ya nyumbani. Mteja amekatwa mara mbili kwa kufuata kipeperushi chenu. Mwambieni achague fedha ya nchi aliyopo, aangalie kwenye kioo cha mashine ni fedha gani kabla hajabonyeza namba ya siri, na kwenye ATM akatae ubadilishaji bila hofu. Kukataa ubadilishaji hakufuti utoaji wa pesa, ingawa skrini nyingi zimepangwa ili aogope.

Hata asiyesafiri linamkuta. Huduma ya mtandaoni inayouzwa kwa fedha ya hapa, lakini malipo yake yakapokelewa na kampuni iliyosajiliwa nchi nyingine, mnaitoza ada ya nje. Mteja hawezi kulijua hilo kabla. Ninyi mnalijua sekunde ileile, maana ujumbe wa kuomba idhini, yaani ule unaowaomba mkubali malipo, umebeba nchi ya duka. SMS ya makato inaweza kabisa kutaja ada hiyo, na anayelipia kila mwezi akaamua kama ataendelea.

Kuhusu pesa zinazozuiliwa. Hoteli, wakodishaji wa magari na pampu za mafuta za kujihudumia huomba idhini ya kiasi cha makadirio kabla bili halisi haijajulikana. Kwa kadi ya mkopo, zuio hilo hula kikomo cha mkopo. Kwa kadi ya akaunti linashika pesa ya mtu mwenyewe, ya pango na ya chakula. Bili ya mwisho ikija na namba ileile ya idhini, zuio hufutika na kiasi halisi hukatwa. Mambo huharibika pale hoteli inapofunga bili kwa muamala mpya badala ya kukamilisha ule wa mwanzo, au kiasi kinapobadilika na mfumo wenu ukashindwa kuoanisha. Hapo vyote viwili vinakaa, zuio na makato, mpaka zuio life lenyewe. Muda huo kwenu ni siku ngapi? Kila kaunta ina jibu lake.

Sawa na hilo ni mawasiliano kukatika katikati ya malipo. Ninyi mmeshaidhinisha, jibu halikuifikia mashine, keshia anaona imekataliwa na anaomba kadi tena. Mashine hutuma ujumbe wa kubatilisha, ule wa aina ya 0400 au 0420, na ukishafika hakuna sababu ya salio kuendelea kushikiliwa. Mteja wenu anaambiwa asubiri, tena bila tarehe. Tunaomba ujumbe wa kubatilisha uachie salio papo hapo bila kupitia mikono ya mtu. Na mteja akileta risiti yenye namba ya idhini, ile ya tarakimu sita, pamoja na barua ya hoteli kwamba haitadai tena, afisa wa tawi awe na mamlaka ya kuondoa zuio siku hiyo. Leo karatasi hizo zinapokelewa, zinagongwa muhuri, na mteja anapigwa danadana kati ya tawi na makao makuu.

Miamala inapokataliwa, programu yenu ya simu husema tu kwamba muamala umeshindikana. Lakini kila kukataa kuna namba yake. 51 ni salio halitoshi, 54 kadi imeisha muda, 55 namba ya siri siyo, 57 kadi hairuhusiwi aina hiyo ya muamala, 61 umevuka kikomo cha kiasi, 65 umevuka kikomo cha idadi ya miamala, 91 benki haipatikani. Aliyepata 61 angepandisha kikomo mwenyewe kwenye programu na kulipa. Aliyepata 57 angewasha matumizi ya nje au ya mtandaoni. Aliyepata 91 angejua kuwa tatizo ni lenu na kwamba kujaribu mara nyingine baada ya dakika chache kunatosha. Tunaelewa kwamba sababu za kiusalama hazitangazwi, na 05, namba ya kukataa bila kutaja sababu, ni sanduku la kutupia kila kitu. Hizo nyingine hazina siri yoyote.

Tatizo ambalo wahudumu wenu wa simu hawalielewi kabisa ni la namba ya siri, na tunaomba mlisome kwa utulivu. Mteja anabadilisha namba ya siri kwenye programu. Namba mpya inaingia kwenye mitambo yenu, na ATM zinazouliza benki moja kwa moja zinaikubali. Lakini ndani ya chipu, kile kipande kidogo cha kompyuta kilicho kwenye kadi, bado imo ile ya zamani, kwa sababu chipu hubadilishwa tu kadi ikiingizwa kwenye mashine iliyo na mawasiliano nanyi na ninyi mkatuma amri ya kuisasisha. Mteja anafika nchi ambayo mashine za madukani huiachia chipu ihakiki namba ya siri yenyewe. Anabonyeza namba mpya, chipu inakataa. Anajaribu tena kwa uangalifu, inakataa. Kwa kawaida chipu huvumilia makosa matatu tu, kisha hufunga namba ya siri.

Akipiga simu kwenu, mhudumu anatazama skrini na kusema haoni jaribio lolote, kadi ni nzima. Ni kweli haoni: makosa yaliishia kati ya mashine na chipu, hayakufika kwenu. Mteja anabaki dukani ameshika kadi ambayo benki inasema ni nzima na duka linasema ni mbovu. Dawa ni nyepesi. Programu ikishabadilisha namba ya siri, imwambie mteja aingize kadi kwenye ATM yenu, si kugusisha, aangalie salio kwa namba mpya, na amri ya kusasisha chipu itumwe hapo hapo. Afanye hivyo kabla ya kusafiri. Na wahudumu wafundishwe swali moja: umebadilisha namba ya siri karibuni?

Namba ya uthibitisho ya manunuzi ya mtandaoni bado mnaituma kwa SMS peke yake. Laini ya simu iliyo nje ya nchi hupokea SMS kwa kuchelewa au isipokee kabisa, na namba hiyo hufa baada ya dakika chache. Wekeni uthibitisho ndani ya programu, unaofanya kazi kwa intaneti yoyote. Wengi wamelipia chumba cha hoteli mara mbili, au wamekosa tiketi, kwa ajili ya SMS iliyotua usiku wa manane.

Mwisho ni madai ya muamala usio halali au bidhaa isiyofika. Kwa aina nyingi za madai, kanuni za mitandao ya kadi huipa benki siku 120 kuanzisha urejeshaji, yaani kulidai duka pesa ya mteja kupitia mtandao wa kadi. Matawi yenu humtaka mteja kwanza alete barua ya kukataliwa kutoka dukani, hata pale ambapo duka halijibu au halipo tena. Siku zinakwisha, kisha anaambiwa amechelewa. Pokeeni dai siku mteja anapolileta, mpeni namba ya kumbukumbu, na barua pepe zake zisizojibiwa zihesabiwe kuwa ushahidi. Duka likisema limerejesha pesa na ninyi hamzioni, mteja apewe utaratibu wa kuomba kutoka dukani namba ya tarakimu 23 inayotambulisha muamala huo kwenye mtandao wa kadi (ARN), nanyi muitafute kwayo. Wahudumu wengi tuliowatajia namba hiyo hawakuwa wamewahi kuisikia.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14 za kazi, yakitaja kwanza mambo matatu: kiwango cha kadi kitachapishwa wapi, zuio linakaa siku ngapi kwa kila aina ya duka, na tarehe ambayo taarifa ya akaunti itaanza kuonyesha ada kando. Tusipopata majibu, barua hii pamoja na taarifa za akaunti zinazoonyesha kila tuliloeleza itapelekwa kwa mamlaka inayosimamia mabenki, kitengo cha malalamiko ya wateja. Nakala za risiti zimeambatanishwa. Namba za kadi zimefutwa isipokuwa tarakimu nne za mwisho, na tunaomba afisa yeyote asitupigie simu kutuomba namba kamili wala zile tarakimu tatu za nyuma.

Wenu,
Wateja wa kadi