Barua kwa Binti Yangu Anayepelekwa Kanisa la Kijijini

Mama,

Juzi ulilia kwenye simu nami nikakosa la kukuambia. Umesoma theolojia miaka minne, umefaulu, halafu unapewa kanisa la kijijini lenye mabenchi kumi. Nilikaa nje mpaka ugali ukapoa. Ndipo nikamkumbuka rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, wa ng'ambo ya mpaka, Gershom Sizomu.

Unakumbuka nilivyokuwa nikipeleka vitunguu Mbale, Uganda. Karibu na mji ule kuna kilima cha Nabugoye, na huko wanaishi Abayudaya, watu wa salamu yetu ileile ya mulembe, ila wao wanashika Sabato na Torati. Walianza mwaka 1919, pale Semei Kakungulu, jemadari aliyekosana na Waingereza, alipotahiriwa pamoja na wanawe na kuwa Myahudi. Idi Amin akawapiga marufuku. Wengi walibadili dini, wakabaki mamia tu, wakisali kwa kujificha. Amin aliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni hiyohiyo Pasaka ya Wayahudi, sikukuu ya kukombolewa utumwani Misri, ikaingia. Mama, kila nikiwaza hilo mwili hunisisimka.

Sizomu alikuwa mtoto enzi hizo. Baadaye alikwenda kusoma katika chuo cha Los Angeles, Marekani, masomo ya miaka mitano, akapewa urabi mwaka 2008. Kisha akarudi kilimani kwao.

Mimi nilidhani rabi ni mtu wa kusalisha tu. Kweli anasalisha, anafundisha, anafungisha ndoa, anazika. Lakini waumini wanaougua malaria na kuchota maji machafu wanamletea rabi wao hayo pia. Basi jamii yake ikatafuta visima na vyandarua, na vyandarua vikaingia nyumba za Waislamu na Wakristo sawa na za Wayahudi, maana mbu wa jirani ndiye huyohuyo atakayekuuma wewe. Mwaka 2010 wakafungua kituo cha afya mjini Mbale. Katika shule zao watoto wa dini zote wanakaa dawati moja. Mwenzao J.J. Keki alikuwa ameshaanzisha, mwaka 2004, ushirika wa kahawa wa wakulima wa dini hizo tatu. Wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Mwaka 2016 watu wa Bungokho Kaskazini wakamchagua Sizomu kuwa mbunge wao. Wayahudi kule ni wachache mno, mama. Kura zile zilitoka kwa majirani.

Sikuandikii ili ufute machozi upesi. Lia ukitaka. Ila Jumamosi nitakuja na pikipiki twende tukalione hilo kanisa. Mabenchi tutayahesabu baadaye. Kwanza tuwaulize akina mama wa pale maji wanachota wapi.

Baba yako