Mama Shemsa, nipokelee huyu kijana

Tanga, 20 Mei

Shoga yangu Mama Shemsa,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ila mguu wa mama ndiyo kama unavyoujua. Najua nimekukalia kimya tangu harusi ya Zuhura. Matusi yako niwekee nikija, sasa hivi nina shida.

Ni Idi. Unamkumbuka alivyokuwa na maswali? Siku hizi nikimsemesha anajibu "mm", macho kwenye simu. Halafu saa nane usiku namsikia chumbani anacheka na watu nisiowajua, mmoja eti yuko Mwanza, wanamwita Kamanda. Kamanda! Hata kitanda hatandiki.

Wiki jana baba yake kaenda kutoa hela ya gesi, kakuta salio halipo. Mwanao alingoja mzee alale, akakishika kidole chake taratibu, akakibandika kwenye simu ikafunguka, akanunua almasi za kwenye mchezo. Namba ya siri wala haikumsumbua: ni mwaka aliozaliwa yeye. Ningecheka, shoga, lakini baba yake alishinda kimya kama kafiwa. Kinachomuuma zaidi ni hiyo namba.

Sasa kila jioni baba yake ni Wachina tu. Eti tangu 2021 kule mtoto hajafika miaka 18 anacheza mitandaoni saa mbili mpaka saa tatu usiku basi, tena Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu tu. Nikamwambia Wakorea nao walianza 2011, walio chini ya miaka 16 wakafungiwa michezo kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri. Watoto wakaingia kwa namba za vitambulisho vya wazazi, na 2022 sheria yenyewe ikafutwa. Kidole chako kina ndugu mpaka Seoul, mume wangu. Kanuna.

Simu tumemnyang'anya. Anakula, anaosha sahani yake, anajifungia. Bora angegomba. Juzi umeme ulipokatika ndipo akatoka barazani, akaanza kumweleza bibi yake huo mchezo: nani anamlinda nani, wanavyogawana dawa mwenzao akijeruhiwa. Bibi akauliza, "Na wakifa?" "Wanarudi, bibi." Alivyonoga! Mimi nilijibanza mlangoni, nikaogopa hata kukohoa. Kumbe maneno anayo, sisi tu ndio...

Basi naomba aje kwenu likizo ya Juni. Shemeji anamsikiliza tangu alipomfundisha baiskeli, na kabichi zenu haziishi kupaliliwa. Wala simleti jela, ingawa mtandao wa huko ninaujua.

Shemeji atakubali? Yule wako wa pili ulimfanyaje, au naye bado? Simu aje nayo? Mimi naona aje nayo, baba yake hataki hata kusikia. Blanketi mnalo la ziada, au nimfungie la kwake? Na Mama Zuhura kakupa ile hela ya vitenge, au bado anasema kesho? Nijibu kabla shule hazijafungwa, tiketi za Lushoto zitapanda.

Wako,
Mama Idi