Barua kwa mwanangu: joto la kadi yako limekwama wapi?

Mwanangu Ruwaida,

Waalaykum salaam. Sisi huku Unguja sote wazima, alhamdulillahi, na bibi yako anauliza lini utavuka. Namba ulizonakili nimeziangalia moja moja. Unaniuliza ununue feni gani kwa hiyo kadi ya picha ya kompyuta yako, RX 580 ya mtumba, kwa kuwa ukianza kurenda video za harusi, yaani kompyuta ikizitengeneza faili za mwisho, inafika nyuzi 88 na kompyuta inavuma mpaka chumba cha pili. Usinunue kitu bado. Feni ni dawa ya ugonjwa mmoja tu, na hujajua wako ni upi.

Kwanza weka kando namba za mtandaoni. Wanaopima kadi huko Ulaya hupima katika chumba cha nyuzi 21 au 22. Chumba chako hapo Wete, kaskazi, saa nane mchana, ni 31 au 32. Kadi iliyofika 70 kwao itafika 80 kwako na haina kasoro yoyote, maana feni haiwezi kupoza kitu kikawa baridi kuliko upepo inaouvuta. Tundika kipimajoto pale kasha la kompyuta linapovuta upepo, soma joto la chumba na la kadi kwa wakati mmoja, kisha toa. Tofauti hiyo ndiyo ya kuandika daftarini. Kwa kadi ya feni mbili kwenye kazi nzito, mimi naridhika na tofauti ya 40 mpaka 45. Yako ni 88 ukitoa 31, yaani 57. Hapo pana jambo.

Sasa tulitafute. Fungua GPU-Z, programu ya bure ya kuonyesha hali ya kadi, nenda sehemu ya sensa, anza kurenda mradi uleule mmoja kila unapopima, na uangalie joto linavyopanda. Likiruka kutoka 45 mpaka 80 ndani ya sekunde chache, kosa liko baina ya chipu na hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachoondoa joto lake: pesti, ile dawa nzito inayopakwa baina yao ipitishe joto, imekauka, au hitisinki haikukaa sawa. Likipanda pole pole kwa dakika 10 au 15 na bado halitulii, pesti haina kosa. Upepo ndio hautoshi, au kasha linavuta tena joto lake lenyewe. Kisha weka mkono pale upepo unapotokea kwenye mapezi, feni zikiwa mbio. Upepo wa vuguvugu huku chipu inasema 88 maana yake joto halifiki kwenye mapezi. Upepo wa moto sana maana yake joto linafika vizuri ila ni jingi kuliko upepo. Mwisho fungua ubavu wa kasha na upime tena. Likishuka kwa zaidi ya nyuzi 5 au 6, kadi haina kosa, kosa ni la kasha, na utakuwa umeokoa pesa zako.

Kwa namba zako, na kwa kuwa umesema linaruka mara moja, ningeanza na pesti. Kadi za aina hii zilitoka 2017, na nyingi zilitumika kuchimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana mpaka Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipoacha mtindo huo, kisha zikamwagwa madukani. Hazifi kwa hilo, lakini zinakuja na pesti iliyokauka, pedi (vile vipande laini vinavyopitisha joto la chipu ndogo) zilizochoka na feni zilizokwisha bushi. Ukiona pia chipu inakwenda chini ya kasi iliyotangazwa na kampuni, huenda BIOS yake, yaani programu ndogo iliyomo ndani ya kadi, imechezewa. Baadhi ya kadi zina swichi ndogo ukingoni yenye BIOS ya pili. Zima kompyuta kabisa, geuza swichi hiyo, uwashe.

Kabla ya kuichomoa, ifanyishe kazi dakika 5 ipate moto. Pesti kavu hugandisha hitisinki, na ukiivuta ikiwa baridi unaweza kung'oa chipu. Zima, chomoa waya wa umeme, shika chuma cha kasha, kisha uitoe. Unyevu wetu una faida hapa: umeme tuli haukusanyiki kama katika nchi kavu. Ilaze kifudifudi juu ya taulo. Nyuma utaona skrubu 4 zenye springi zilizozunguka chipu. Mara nyingi mojawapo ina stika ya waranti, ambayo kwa mtumba haina kazi tena. Tumia bisibisi ya msalaba inayokaa barabara. Ikilegea kichwani utaula mdomo wa skrubu na hapo kazi imekwama. Legeza kwa kukatiza pembe, nusu mzunguko kila moja, kisha zungusha hitisinki kidogo kulia na kushoto mpaka iachie. Usiingize bisibisi chini yake kubandua. Na ikiachia usiinyanyue kwa pupa, kwa sababu bado imefungwa na waya wa feni, na pengine wa taa. Shika plagi yenyewe, usivute waya.

Chipu ya RX 580 haina kofia ya chuma juu yake. Ile sura nyeusi inayong'aa, mraba wa milimita 15 hivi, ni silikoni tupu na pembe zake hukatika. Ifute kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, au 90 ukikosa. Ile surgical spirit ya duka la dawa ina maji, na baadhi yake ina mafuta. Spiriti ya zambarau ya jiko huacha rangi. Tumia kitambaa cha miwani, kisicho na manyoya. Na wakikwambia dawa ya meno inafaa badala ya pesti, wacheke tu: inapoza siku mbili tatu, kisha inakuwa chaki.

Hitisinki ikiwa peke yake, feni zimetolewa, ioshe. Vumbi la Zanzibar lina chokaa ya kuta na chumvi ya bahari, na brashi peke yake hailiwezi. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, brashi ya rangi ya inchi moja, kisha suuza kwa maji ya mvua au ya mfereji. Kama kisima chenu kina chumvi, maji yake usiyatumie kabisa. Anika mpaka ikauke ndani ya mapezi. Kabla ya kuirudisha, pima mabomba ya shaba: tia ule upande unaogusa chipu kwenye bakuli la maji ya moto, shika mapezi ya mwisho. Kwenye bomba zima joto hufika upande wa pili kwa sekunde chache. Bomba lililobaki baridi huku wenziwe wamepata moto limevuja, na hitisinki hiyo si ya kutiliwa pesti, ni ya kubadilishwa.

Pedi ndizo zinazoharibu kazi ya watu wengi. Kadi yako, kama ni ya gigabaiti 8, ina chipu 8 za kumbukumbu zilizozunguka ile kubwa, na pembeni safu ya transista za umeme. Zote hukaa chini ya pedi. Pedi zikiwa laini na nzima, ziache. Mafuta kidogo yaliyochuruzika pembeni ni ya pedi zenyewe na hayana madhara. Zikichanika, pima unene kwa venia, kile kipimio cha kubana, pale pembeni ambapo hazikubanwa. Pedi huuzwa kwa unene wa milimita 0.5, 1, 1.5 na 2, na kadi mbili za mfano mmoja kutoka kampuni mbili hazifanani, kwa hiyo usiamini alivyokwambia mwenye kadi nyingine. Ukiweka 1.5 palipotakiwa 1, hitisinki inanyanyuka, chipu inabaki na pengo, na joto linazidi lilivyokuwa. Usikimbilie pedi zenye namba kubwa ya W/mK (kipimo cha kupitisha joto) kwenye paketi: mara nyingi ni ngumu, hazibonyei. Laini ya 6 W/mK inatosha.

Pesti nusu gramu inatosha, lakini paka chipu yote kwa ukingo wa vocha ya zamani mpaka usione silikoni. Kwenye chipu isiyo na kofia chagua pesti nzito. Nyepesi husukumwa nje kidogo kidogo kila kadi inapopata moto na kupoa, na baada ya miezi umerudi ulipoanza. Ile ya metali ya maji usiiguse: inapitisha umeme na inakula alumini. Rudisha plagi za feni kabla hujafunga, kisha kaza kwa kukatiza pembe, robo mzunguko kwa zamu, mpaka skrubu zikatae zenyewe.

Pima tena kwa mradi uleule. Isiposhuka, fungua uangalie alama. Pesti iliyokaa sawa inakuwa utando mwembamba unaokaribia kuonyesha silikoni, na ziada imetoka pembeni. Ikibaki nene katikati, pedi fulani ni nene mno. Ikiwa nene upande mmoja, umekaza upande mmoja. Hii ni kazi ya robo saa na watu hawaifanyi. Wanaagiza pesti ya bei kubwa zaidi.

Feni sasa. Zikiwa hazizunguki kompyuta ikiwa tupu, usishtuke: kadi nyingi huzizima mpaka chipu ipate moto. Kwa hali ya hewa yetu ondoa mpango huo, unaoitwa Zero RPM, katika programu ya Radeon inayoendesha kadi na uziweke zisishuke chini ya asilimia 30. Feni inayokwaruza zungusha kwa kidole. Ikicheza juu na chini bushi imekwisha, na tone la mafuta ya cherehani chini ya stika litakupa wiki chache tu. Agiza kwa namba iliyoandikwa mgongoni mwa feni, si kwa jina la kadi.

Ukitaka kuvua ganda la plastiki na feni zake, uweke mbili za kasha za milimita 120, inafaa sana na kelele hupungua, lakini angalia mambo haya. Mbili zikikaa sambamba ni milimita 240, pima hitisinki yako kwanza. Unene wa kila moja ni milimita 25, kwa hiyo kadi itakula nafasi ya tatu chini yake. Chagua feni zilizotengenezwa kusukuma upepo kwenye mapezi yaliyobanana, si zile za kupitisha upepo mtupu. Upande wenye mikono inayoshika mota ndiko upepo unakotokea, uelekeze kwenye mapezi. Zifunge kwa kebo tai, na pengo lolote baina ya feni na mapezi lizibe kwa ukanda wa sponji, la sivyo upepo utakimbilia huko. Ukizichomeka kwenye kadi kwa waya wa kuunganishia, jumla ya ampia zake zisizidi za feni za zamani. Ukizichomeka kwenye ubao mama, zitafuata joto la prosesa na kuiacha kadi iungue. Hapo tia programu ya bure ya FanControl uziambie zifuate kadi.

Lakini kabla ya hayo ya kuvua ganda, shusha volti. Ni bure, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu joto lisilozaliwa halihitaji feni. Kadi nzima imetengenezwa kwa wati 185. Katika Radeon, sehemu ya kurekebisha kwa mkono, utaona chipu kwenye kasi ya juu, 1,340 MHz au zaidi, inapewa kama milivolti 1,150. Shusha 25, renda dakika 20, shusha tena. Picha ikiganda au kioo kikizima, umevuka. Haiharibiki kitu, washa upya, rudisha 25 kisha 25 nyingine za akiba. Nyingi hufika karibu na 1,050. Nguvu hufuata volti kwa kipeo cha pili, kwa hiyo kutoka 1,150 mpaka 1,050 umepunguza takriban asilimia 17 ya joto la chipu kwa kasi ileile, na umeme wako wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, nao utakaa zaidi kidogo.

Kompyuta usiiweke sakafuni karibu na ukuta unaopukutika chokaa, wala kwenye dirisha la upande wa bahari. Chumvi iliyokaa kwenye kadi huvuta maji unyevu ukipita asilimia 75, na kwetu usiku wa masika unyevu huo ni wa kawaida. Ndipo unapoona unga mweupe kwenye alumini na kijani kwenye shaba. Ukienda safari wakati wa masika, mwambie mdogo wako aiwashe nusu saa kila baada ya siku mbili tatu, joto lake litaikausha. Usiipeleke kwa wajaza upepo wa matairi wakaipuliza. Kompresa zao hutoa maji na mafuta, na feni ikizungushwa kwa upepo huo inavunjika.

Pesti na spiriti nitakutumia kwa boti ya Mkoani wiki hii. Pedi siwezi kuzinunua mpaka uniletee unene, kwa hiyo fungua kwanza, pima kila mahali kwa venia, nipigie picha ya hitisinki na ya ubao kabla hujafuta chochote. Na uniandikie joto la chumba pia.

Mamaako