Barua kwa mwanangu: kuhusu kaburi la bibi yako

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako tumezipokea, marahaba. Fedha za kujengea kaburi la bibi yako zimefika, na shangazi zako wanakuombea baraka. Picha ya kaburi la marumaru lenye nguzo na paa nimeitazama pia. Fundi wake anaijua kazi. Hata hivyo naomba tusijenge hivyo, na nakuandikia sababu zangu usije ukadhani baba yako anabana matumizi.

Bibi yako alizaliwa Urambo, akalelewa na Kanisa la Moravian, lililopokea kazi hapo mwaka 1898 kutoka kwa Misioni ya London. Kanisa hilo lina namna yake ya kuzika, iliyoanzia Herrnhut, mji mdogo wa mashariki ya Ujerumani. Wakimbizi wa imani kutoka Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, walianza kuujenga mwaka 1722 katika ardhi ya Zinzendorf, bwana mkubwa aliyekulia katika Ulutheri. Nao wenyewe walikuwa chini ya usharika wa Kilutheri wa kijiji jirani, Berthelsdorf. Mwaka 1730 wakafungua makaburi yao kwenye mteremko wa kilima cha Hutberg.

Pale, mwanangu, mawe yamelazwa chini, yanafanana. Fundi viatu na mwenye mali wana jiwe la namna moja. Watu hawakuzikwa kiukoo. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, kila mtu kwa zamu aliyofariki. Mke hakulala kando ya mumewe, alilala kando ya dada wa imani aliyemtangulia. Mtu akifa, tarumbeta zilipigwa, na kila kundi lilikuwa na wimbo wake, hivyo aliyekuwa shambani alijua kama ni mjane, kijana au mtoto aliyeondoka.

Najua utaniuliza kuhusu Zinzendorf mwenyewe, aliyefariki mwaka 1760. Ni kweli, kaburi lake na ya jamaa zake yameinuliwa katikati. Hilo halinipendezi, lakini halifuti mamia ya mawe yaliyolala kuyazunguka. Langoni wameandika kwamba Kristo amefufuka katika wafu, na kwa ndani neno linaendelea: limbuko lao waliolala. Ndiyo maana alfajiri ya Pasaka ya mwaka 1732 vijana wa kiume walipanda kilimani kuimba makaburini. Bibi yako naye aliipenda sana ibada hiyo ya Pasaka. Aliamka gizani, akafunga kitenge, akatutangulia sote njiani, na magoti yake yale mabovu.

Sasa fikiria ushirika ufike Pasaka ijayo uwakute wengine wana msalaba wa mbao na yeye ana nguzo na paa. Angeona haya. Mimi namjua mama yangu.

Kwa hiyo nashauri jiwe moja la saruji, lililolala, lenye jina lake, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufariki na hilo neno la langoni, la Waraka kwa Wakorintho. Zege limwagwe vizuri, maji ya masika yasichimbe pembeni. Fedha itakayobaki tumpelekee mzee wa kanisa. Uzio wa makaburi umeanguka upande wa barabara na mbuzi wanaingia.

Lipo jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko jiwe. Wamoravian wa zamani waliandika maisha yao wenyewe, yakasomwa siku ya maziko na kutunzwa. Wasifu tuliomsomea bibi yako ulikuwa nusu ukurasa: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, ugonjwa. Hamkusikia alivyolima tumbaku peke yake babu yako alipokuwa mbali, wala alivyowapokea wakimbizi na kuwalaza jikoni. Wewe ulikaa naye likizo zote za shule. Andika unayoyakumbuka, hata kama hayana mpangilio, na wadogo zako waongeze yao. Mimi nitaandika ya utoto wangu. Nataka tuyaunganishe kabla ya Pasaka, nakala moja tuipeleke ofisi ya ushirika.

Nijibu mapema kuhusu jiwe, fundi anasubiri.

Baba yako,
Tabora