Kabla ya kumimina kwenye tangi

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa nje bandani ili baba yako asisikie. Kijana wa kwaya anasema ameonyeshwa katika maono kwamba wewe ndiwe mke wake, nawe unaniuliza, "Mama, nitajuaje?"

Kama maono yale ni ya kweli au la, mimi sijui. Ila kama Mungu anataka uolewe naye, namba yako anayo. Hawezi kumwambia mwenzako akakuacha wewe gizani.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinishikia daftari kituoni, pale ninapopokea maziwa ya wafugaji, wakati wa likizo? Mtu akileta ndoo, kwanza nafunua, nanusa. Halafu nachota maziwa kidogo, natia spiriti kiasi hichohicho. Yakikatika, yameanza kuchacha, hayaingii kwenye tangi. Kisha laktomita, kile kipimo kinachoelea ndani ya maziwa kuonyesha kama yametiwa maji. Maziwa mazuri husoma kati ya 26 na 32. Ukiona 22, mwenyewe kapitisha ndoo bombani. Lakini wachakachuaji wana akili. Wanaongeza maji, kisha wanatia sukari au chumvi, laktomita inapanda tena kama hakuna kilichotokea. Mwaka wangu wa kwanza nililiwa hivyo mara kadhaa, kwa sababu niliamini kipimo kimoja.

Sasa soma Matendo 16. Yule kijakazi wa Filipi mwenye pepo wa uaguzi alikuwa akimfuata Paulo, akipaza sauti kwamba hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu. Uongo uko wapi hapo? Laktomita ingesoma 30. Lakini pepo hakuwa wa Mungu, na mabwana zake walikuwa wakipata faida. Tena imeandikwa alifanya hivyo siku nyingi kabla Paulo hajageuka na kumkemea pepo. Hizo siku nyingi nazipenda sana. Hata mtume hakumaliza jambo siku ya kwanza.

Umesema pia unasikia amani moyoni. Vizuri. Lakini hata Yona alilala usingizi mzito ndani ya merikebu akiwa anamkimbia Mungu, na dhoruba inawatesa wenzake juu. Amani ni kipimo, lakini ni kimoja.

Nakuandikia haya nikiwa na kovu. Ulipokuwa darasa la sita nilipelekwa kwa mtumishi mmoja, jina lake nalihifadhi. Aliniambia mambo mawili ya kweli kuhusu nyumba yetu, kisha akasema kuna ndugu wa ukoo anayenifunga. Nikapanda mbegu, yaani nikamtolea sadaka, kwa fedha ya ada yako. Fedha ilirudi kwa kuuza ndama. Kisichorudi ni miaka miwili niliyopita mlangoni kwa shangazi yako bila kumsalimu. Neno lililonifanya nimchukie wifi yangu lilikuwa limechacha tangu ndoo inafunuliwa, nami sikutaka kunusa.

Ndiyo maana Februari 2020, watu 20 walipokufa pale uwanja wa Majengo, Moshi, wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako, sikuwacheka kama wengine walivyowacheka. Ningekuwa na shida zangu za zamani siku ile, ningekimbia nao.

Basi huyo kijana mwangalie siku za kazi, maana Jumapili kila mtu ana sauti nzuri. Anasemaje na mama ntilie chakula kikichelewa? Akinyimwa kuongoza wimbo, ananuna? Madeni analipa? Kisha mwambie, "Mimi sijapata jibu," unyamaze. Akisubiri, endelea kumwangalia. Akikwambia unashindana na Roho Mtakatifu, maziwa yamekatika, usihangaike na laktomita. Na mshirikishe mzee wa kanisa, si rafiki zako watatu ambao tayari wanachagua rangi ya sare.

Pua hii sikuzaliwa nayo, mama. Waebrania 5 inasema juu ya watu ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Kwa kutumiwa! Anza na vidogo. Ule ujumbe wa "tuma kwa watu kumi upokee muujiza", ufute. Mtu akianza "tumwombee dada fulani, nasikia ana mimba", jiulize kama hayo ni maombi au ni umbea uliofumba macho. Mimi mwenyewe wiki iliyopita nilishindwa hapo, kwenye jumuiya, na mkono wangu ukiwa juu ya Biblia.

Nimekutumia sweta na ndizi kwa basi la Alhamisi. Kazifuate mapema, zisiivie stendi. Ng'ombe mweusi amezaa, ndama jike. Baba yako bado hajui habari za kijana. Nimwambie, au nisubiri kwanza?

Mama yako