Hedhi si ya wanafunzi peke yao

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama Duniani, gazeti lako hutoa picha za wanafunzi wa kike wakipokea maboksi ya pedi. Habari hizo nazisoma na naziunga mkono kwa moyo wote. Nina binti yuko kidato cha tatu, najua siku pedi ikikosekana nyumbani anakosa nini darasani. Lakini juu ya mama yake sijasoma hata safu moja. Tarehe 18 Oktoba, siku iliyotengwa duniani kwa ajili ya ukomo wa hedhi, hupita bila neno. Naandika kwa sababu nyumbani kwangu anayemaliza pedi nyingi si binti, ni mimi mwenye miaka 47.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, hapa Tanga. Kazi yangu ni kupima miili ya wanawake, na anayepima mwili husikia mengi. Mteja wa miaka 20 huja na picha ya mshono kwenye simu. Mteja wa miaka 45 hushika kitambaa kwanza, akauliza, "Fundi, hiki kikilowa kinaonyesha?" Msimu uliopita wa harusi kamati moja ilichagua sare ya rangi ya maziwa. Akina mama wakawa wananivuta pembeni mmoja mmoja, wanaomba bitana mara mbili upande wa nyuma, au shumizi nzito ya ndani. Hakuna aliyesema kwa nini na mimi sikumuuliza mtu. Wapo wanaokwenda kwenye shughuli wakakaa kiti kimoja tangu mwanzo hadi wageni watawanyike, hata chakula waletewe pale pale, kwa kuogopa kusimama. Baibui limetusitiri sana, lakini mtu anaweza kusitirika vizuri kabisa huku damu inamwishia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu. Hedhi yangu iliyokuwa na mpangilio ilianza kuruka mwezi, na ikirudi inarudi kwa nguvu: mabonge ya damu, pedi mbili kwa pamoja na kitambaa juu yake, na bado usiku naamka kubadilisha shuka. Nikawa nikikanyaga cherehani kidogo tu moyo unakwenda mbio. Ngazi za duka ninaponunua vitambaa nikawa nazipanda kwa kupumzika katikati. Nikaanza kutamani udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni ambao wengi tunajua ni wa wajawazito. Nilikuwa nauweka kwenye droo ya cherehani pamoja na nyuzi na vifungo, natafuna huku nashona. Aliyeshtuka ni mume wangu. Jioni moja alinishika mkono akasema, "Mama watoto, hebu nione viganja. Mbona vyeupe hivi?"

Nilikuwa tayari nimeshakwenda kutibiwa, mahali ambapo sitapataja. Nilieleza kizunguzungu, uchovu na kichwa kuuma. Nikapimwa malaria, haikuonekana. Nikaambiwa nina UTI na taifodi, nikapewa dawa nikazimaliza zote. Niliporudi bado hoi, nikaambiwa ni mawazo. Safari ile nilijikaza, nikamwambia mhudumu kwamba natokwa na damu nyingi mno. Alinijibu akiwa anaandika, "Ni umri huo, mama. Itakata yenyewe."

Daktari aliyenisaidia nilimkuta baadaye, hospitali nyingine. Ni kijana, kiasi cha mwanangu wa kwanza. Alivuta kope yangu ya chini akatazama, kisha akauliza kwa heshima, bila kutafuna maneno: "Mama, siku ikiwa nzito, unabadilisha pedi kila baada ya muda gani?" Mhariri, katika miaka yote ya kuingia na kutoka vituo vya afya, kuzaa na kunyonyesha, swali lile sikuwahi kuulizwa na mtu. Nikamjibu kila saa, wakati mwingine haifiki. Akaagiza nipimwe wingi wa damu. Ilikuwa 7. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Ikishuka chini ya 8 huo ni upungufu mkali. Nilikuwa natembea, napika, nashona sare za watu, na damu ni 7.

Nataka wenzangu wajue alichonieleza, kwa sababu hakuna kigumu ndani yake na hakuna aliyetuambia. Mwanamke anapokaribia ukomo wa hedhi kuna miezi ambayo yai halipevuki. Mwezi kama huo mwili hautengenezi projesteroni ya kutosha, homoni ambayo kazi yake ni kuutuliza utando wa ndani wa mji wa mimba. Estrojeni, homoni nyingine, nayo inaendelea kuujenga. Utando unanenepa, unanenepa, na siku ya kubomoka unatoka mwingi, kwa siku nyingi. Hedhi haihesabiwi kuwa imekoma mpaka ipite miezi 12 mfululizo bila damu, na wengi hufika hapo karibu na miaka 50. Safari ya kufikia huko inaweza kuchukua miaka kadhaa. Kwa hiyo mhudumu anayesema itakata yenyewe anamwacha mtu avuje miaka yote hiyo. (Na wenye miaka yetu wasidanganyike: mimba bado inaweza kuingia.)

Tena si kila damu nyingi ni ya umri. Kuna uvimbe wa kizazi, fibroidi, ambao sisi wanawake Waafrika tunaupata zaidi na mapema zaidi. Kuna matatizo ya tezi ya shingo. Kuna dawa za kuzuia damu isigande. Kuna kitanzi cha shaba cha uzazi wa mpango, ambacho kinaweza kuzidisha hedhi. Na kuna saratani. Mwanamke aliyekwisha kukaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, hata tone, aende hospitali wiki hiyo hiyo. Anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa naye aende. Hapa kwetu saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake, na kipimo chake cha awali cha kutumia siki ni cha dakika chache. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, wanapewa mabinti nchi nzima tangu 2018, nami nashukuru binti yangu ameipata. Sisi ambao umri wa chanjo ulitupita tumebakiwa na kupimwa, na hatukumbushwi kupimwa.

Kwangu picha ya utrasaundi ilionyesha fibroidi ndogo mbili pamoja na utando mnene. Walichukua kipande cha utando kikapimwa, kikaonekana salama. Nilidhani neno litakalofuata ni kutolewa kizazi, maana hiyo ndiyo hofu yetu, na wengi hawaendi hospitali kwa hofu hiyo. Daktari akaniambia huko ni mbali, zipo njia nyingi kabla. Vipo vidonge vya asidi ya traneksamiki, vinavyomezwa siku zile nzito tu, na vinaweza kupunguza damu hadi karibu nusu. Havimfai aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni. Ibuprofeni, dawa ya maumivu tunayoijua sote, nayo hupunguza damu kiasi, ila mwenye vidonda vya tumbo asiiguse. Zipo dawa za homoni. Kipo kitanzi cha homoni, tofauti kabisa na kile cha shaba, ambacho kinakaa miaka na kuufanya utando uwe mwembamba. Hicho ndicho nilichowekewa baada ya damu kupanda. Hakipatikani kila mahali, na hilo ni jambo ambalo gazeti lako linaweza kulifuatilia kwa wahusika kuliko mimi.

Kuhusu kuongeza damu nitasema zaidi, maana hapa ndipo akina mama tunapoteza muda. Nilikunywa rozela, nikanywa juisi ya bitiruti, nikala mchicha na matembele. Ni chakula kizuri na naendelea kukila, lakini damu ikishafika 7 jagi la rozela haliirudishi. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma. Daktari aliniuliza nameza na nini, nikamwambia chai, kwa sababu Tanga hii chai haikosi. Akanikataza: chai ya rangi au ya maziwa, pamoja na kahawa, huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Nimeze na maji na chungwa au ndimu, chai isubiri saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi, nisiogope. Na damu ikishafika kiwango chake niendelee na vidonge kama miezi mitatu, ili akiba ya mwili nayo ijae. Wengi huacha wakijisikia nafuu, baada ya muda mfupi wanarudi kule kule. Ule udongo nao nikaambiwa unazuia madini ya chuma, na kwamba mara nyingi tamaa yake ni dalili ya kuyakosa. Damu ilipoanza kupanda, hamu ya udongo iliondoka. Basi, mume anayemwona mkewe wa miaka 40 na kitu anatafuna udongo au barafu, asimcheke. Ampeleke akapimwe damu.

Kwa sisi Waislamu kuna uzito mwingine ambao sijauona ukiandikwa. Damu ikija siku nne, ikakata, ikarudi tena siku kumi na zaidi, mtu aswali au asiswali? Ramadhani iliyopita nimeona watu wazima, waliozaa na kulea, wakifunga na kufungua kwa kubahatisha, na wengine waliacha swala wiki baada ya wiki huku wanalia. Katika madhehebu ya Shafii tunayofuata huku pwani, kikomo cha hedhi ni siku 15. Inayozidi hapo ni istihadha, na mwenye istihadha anaswali na anafunga: anajisafisha, anajifunga vizuri, na anatia udhu kwa kila swala ya faradhi wakati wake unapoingia. Elimu hii ipo tangu zamani. Fatima bint Abi Hubaish alimwendea Mtume (s.a.w.) mwenyewe akamuuliza juu ya damu yake isiyokatika, naye akamjibu wazi kwamba hiyo ni damu ya mshipa, si hedhi. Kama bibi yule aliweza kuuliza, na Mtume akajibu, sielewi ni aibu gani inayotuzuia sisi leo kuliuliza darsani. Nawaomba maustadhati walifundishe somo hili kwa wanawake wazima kama wanavyolifundisha kwa wasichana wanaobaleghe, na wakimaliza hukumu ya swala waongeze neno moja: nenda ukapimwe damu.

Maana badala ya hospitali, wengi wetu tunaambiwa tumeingiliwa na jini. Jirani yangu mmoja alifukizwa ubani miezi mingi. Alipopelekwa hospitali ilibidi aongezwe damu siku hiyo hiyo.

Sasa nirudi kwenye pedi. Mwaka 2018 Serikali iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba bei kwa mnunuzi haikushuka. Kenya waliiondoa tangu 2004. Mjadala ule niliufuata kwenye magazeti, na karibu kila makala ilizungumzia mwanafunzi. Mwanafunzi anastahili. Lakini muuza samaki wa miaka 46 anayetumia pedi za usiku mchana kutwa, akiingia choo cha soko analipa kila anapoingia, na ndani hakuna maji wala pa kutupia, naye ni mlipa kodi. Mwalimu anayesimama mbele ya watoto vipindi sita mfululizo bila kuweza kutoka ni yeye huyo. Nesi wa zamu ya usiku ni yeye huyo. Waheshimiwa wabunge wa viti maalumu, wengi wenu mko kwenye umri wetu. Mnajua ninachosema.

Ninaloomba si kubwa. Wizara ya Afya iwaelekeze wahudumu kwamba mwanamke aliyepita miaka 40 akija na uchovu au kizunguzungu, kabla ya kuandikiwa dawa ya taifodi aulizwe lile swali la pedi, na apimwe wingi wa damu. Halmashauri ziweke maji na ndoo zenye mifuniko kwenye vyoo vya masoko. Na wewe, Mhariri, tarehe 18 Oktoba mwaka huu utupe ukurasa mmoja. Mtafute daktari wa magonjwa ya wanawake ajibu maswali ya wasomaji. Mkikosa maswali njooni Ngamiani, kibandani kwangu wateja wanayo ya kutosha.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga.
(Jina langu nimekuandikia nyuma ya barua. Naomba ulihifadhi.)